Ndoo Sita Juu ya Kitanda cha Baba

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 19, baada ya chai ya asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Mgongo je, umeacha kukusumbua, au bado unabeba maboksi kama vile ghala hilo ni la babu yako? Na kile kikohozi cha baridi? Unakula vizuri? Usinijibu "nipo salama" tu kama ulivyofanya mara iliyopita. Nataka kujua unakula nini na unalala saa ngapi, maana wewe nakujua, ni mtu wa kukaa kimya mpaka uanguke.

Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua kidogo, lakini mdomo uko palepale. Shemeji yako anatengeneza baiskeli za watu kutwa nzima na ya kwake haina breki. Wanangu wanakua kwa fujo, nguo za mwaka jana zimewakataa zote. Baba nitamfikia, usirukie mbele. Soma polepole, habari zake ni njema.

Kwanza kuna jambo limenikaa kooni. Katika barua yangu ya mwezi wa tatu nilikuandikia vibaya kuhusu mkeo. Nilisema anajitia msomi, kwamba asubuhi wenzake wanaosha vyombo yeye amesimama uani na daftari mkononi anaangalia juu. Nilimwita Bi Mawingu. Nikakwambia ni bora umchukue ukae naye huko huko. Wewe ukajibu kwa upole wako kwamba umepata chumba, na mvua zikiisha utamwita. Basi mdogo wangu, nafuta kauli. Nimemwona wifi yangu kwa macho yangu mawili ni mtu wa namna gani, na naona aibu kweli. Kaa nikusimulie.

Unalikumbuka paa la upande wa chumba cha Baba. Wakati unaondoka lilikuwa linavuja sehemu moja, tukaweka sufuria. Mwaka huu zikawa sehemu tano. Kitanda tulikisogeza huku na huku mpaka kikakosa pa kwenda. Baba akapata nimonia mwezi wa kumi na moja, akapona. Akapata tena mwezi wa pili, akapona kwa shida, amebaki mifupa na macho. Daktari alituita mimi na Mama pembeni akatuambia bila kuzunguka kwamba mapafu yale hayawezi kuhimili mara ya tatu. Asilowe, asilale kwenye unyevu, asipigwe na baridi.

Kwa hiyo paa lilikuwa lazima libadilishwe kabla ya mvua kubwa. Mabati mapya yalikuwa yamelala uani yamefunikwa. Fundi tulimpata, yule mrefu aliyeezeka shule ya watoto, na hakuna asiyejua kwamba kazi yake haivuji. Ila alikuwa na siku mbili tu, Jumatatu au Alhamisi. Ijumaa anasafiri kwa kazi nyingine ya mwezi mzima. Na wiki inayofuata redio ilikuwa imeshatoa angalizo la mvua kubwa.

Jumamosi jioni tukakaa kikao sebuleni kuchagua siku. Mdogo wangu, ungekuwepo ungevunjika mbavu. Kila mtu alikuwa na hali yake ya hewa. Mama alikuwa na redio, na redio ikisema "mvua za vipindi katika baadhi ya maeneo" yeye anasikia neno moja tu, mvua, anaanza kuingiza kuni ndani. Shemeji yako alikuwa na simu. Simu ilisema Jumatatu uwezekano wa mvua ni asilimia kumi, Jumanne ishirini, Jumatano thelathini, Alhamisi thelathini. Mimi nilikuwa najua kabisa, au nilidhani najua, kwamba asilimia thelathini maana yake itanyesha theluthi ya siku, yaani tuvumilie tangu asubuhi mpaka kama saa nne hivi, halafu tuendelee.

Fundi ndiye aliyetumaliza. Fundi ni mtu wa vipimo, hakadirii, anajumlisha. Akachukua kalamu kutoka nyuma ya sikio, akajumlisha juu ya kipande cha ubao: kumi, ishirini, thelathini, thelathini. Tisini. Akatuonyesha ubao. Alisema mvua inajikusanya huko juu siku hadi siku, kwa hiyo tukisubiri mpaka Alhamisi tutakuwa tumefika asilimia tisini, hapo kunyesha ni lazima. Jumatatu ni kumi tu. Mama akasema umeona. Shemeji yako akasema hesabu haidanganyi. Na mimi, dada yako niliyemaliza shule, nikatikisa kichwa kukubali.

Mkeo alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango anakunja mashuka. Sijui kama amewahi kukueleza lile daftari lilianzaje. Mimi nilikuwa sijawahi kumuuliza. Kumbe kabla hujamwoa, kule kwa dobi alikokuwa akifanya kazi, alikuwa akianika mashuka mia mbili kwa siku, na yakilowa analaumiwa yeye. Akaona alaumiwe kwa kosa analolijua. Akachukua daftari la shule, akapiga mstari katikati. Upande wa kushoto anaandika walichosema redioni jioni. Upande wa kulia anaandika kilichotokea kesho yake. Kila siku, mwaka wa tatu sasa, hata siku ya harusi yenu imo, nimeiona kwa macho yangu. Kushoto: mawingu kiasi, mvua asilimia kumi. Kulia: jua, nimeolewa.

Alimsubiri fundi amalize. Halafu akauliza kwa sauti ile yake ya chini, kama anauliza chumvi iko wapi, kwamba tukiendelea kujumlisha thelathini thelathini mpaka Jumamosi itakuwa mia na hamsini, je, hapo itanyesha mara moja na nusu? Shemeji yako alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Fundi alinuna. Mkeo mwenyewe hakucheka wala hakumcheka mtu. Alimwambia fundi samahani, kila siku ina hesabu yake, haibebi ya jana. Akafungua daftari. Alikuwa amehesabu siku zote ambazo simu ile ile na redio ile ile zilisema asilimia thelathini. Zilikuwa siku arobaini. Katika hizo arobaini, mvua ilinyesha siku kumi na tatu. Siku ishirini na saba hazikuona tone.

Basi, hiyo ndiyo asilimia thelathini. Si theluthi ya siku, si theluthi ya mji, si mvua hafifu. Ni kwamba siku kumi za namna hiyo zikija, karibu tatu zitanyesha na saba hazitanyesha, na hakuna anayejua hii yako ni ipi. Nilikaa miaka arobaini na moja duniani nasikia tarakimu hizo, sijawahi kuelezwa hivyo. Na aliyenieleza alikuwa anakunja mashuka.

Mama akasema basi si hivyo hivyo tu, Jumatatu ni kumi, bado ni bora. Hapo ndipo mkeo alipotaka tusome sentensi yote, tusiishie kwenye mvua. Simu ilisema Jumatatu upepo kilomita hamsini kwa saa, kuanzia saa nne asubuhi. Alhamisi ilisema upepo hafifu, mvua za vipindi, alasiri, baadhi ya maeneo. Alimgeukia fundi, akamuuliza kwa heshima zote, bati la mita tatu likiwa mkononi juu ya ngazi, na upepo wa namna hiyo, anahitaji mikono mingapi kulishika. Fundi akavuta mkono wa kushoto wa shati lake, akatuonyesha kovu kutoka kiwiko mpaka karibu na kiganja. Alisema lile halikuwa la mvua.

Mama hakuridhika. Alisema upepo haulowanishi mtu, na mgonjwa wake yeye anaogopa maji. Mkeo akatoka nje bila kujibu. Nikasema moyoni, haya, Bi Mawingu amesusa. Kumbe. Tukasikia ndoo zinagongana uani. Alikuwa anazipanga kwenye mstari chini ya dirisha la Baba, zile ndoo za lita ishirini, na anazijaza moja moja kutoka kwenye pipa. Zilipofika sita akatuita.

Alisema redioni wakitaja milimita watu wanadhani ni kitu kidogo, maana milimita kwenye rula ni kidogo. Lakini milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Chumba cha Baba ni mita tatu kwa nne. Mvua ya kipindi cha nusu saa, milimita kumi hivi, ikianguka chumba kikiwa wazi, ni hizi. Akanyoosha mkono kwenye ndoo. Ndoo sita juu ya kitanda cha Baba.

Mama aliziangalia zile ndoo moja moja. Akauliza, kwa sauti iliyoisha nguvu, sasa tufanyeje, maana Jumatatu kuna upepo na Alhamisi kuna ndoo. Niliogopa, mdogo wangu, sikufichi. Niliona tunachagua siku ya kumuua baba yetu.

Hapo ndipo nilipomvulia kofia mkeo. Hakusema "nawahakikishieni Alhamisi haitanyesha." Mtu mwingine angesema, hata mimi ningesema, ili niaminiwe. Yeye alisema tuchague Alhamisi, na tufanye kazi kana kwamba ni moja ya zile siku kumi na tatu. Daftari lake lilionyesha pia kwamba mvua zile za alasiri karibu zote zilikuja baada ya saa saba. Kwa hiyo tuanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Upande wa Baba uezuliwe kwanza na uezekwe kwanza, umalizike kabla ya saa sita, huku Baba amelala sebuleni. Ukiisha, Baba arudi chumbani kwake chini ya bati jipya, ndipo upande wa sebule uguswe. Na turubai lifungwe juu ya ukuta upande mmoja tangu asubuhi, hata kama jua linachoma, likisubiri kuvutwa tu.

Fundi alikataa katakata. Wewe unajua mafundi. Yeye huezua paa lote kwa pamoja, aone mbao zote, ndipo aanze kuezeka. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo anavyofanya miaka yote, na kipande kwa kipande ni kazi ya mtu asiyejiamini. Wakabishana, au tuseme fundi akabisha na mkeo akasikiliza. Mwishoni Baba, ambaye tulidhani amelala, aligonga ukuta kwa fimbo. Tukaingia wote. Pumzi yake siku zile ilitosha maneno mawili matatu tu, kwa hiyo hakuyatupa ovyo. Alimwangalia fundi, akasema, "Alhamisi. Nusu nusu."

Jumatatu ikafika. Anga safi, hakuna hata uzi wa wingu. Saa mbili asubuhi Mama alikuwa mlangoni anasema kwa nguvu, ili watu fulani wasikie, kwamba jua zuri hivi linakwenda bure. Na mimi, nikiri tu, nilimsaidia. Nilimuuliza wifi kama daftari lake limeona jua. Alisema limeona, akaliandika. Saa nne na dakika kadhaa upepo ukaanza. Saa tano ulichukua kibao cha kinyozi jirani ukakitupa barabarani. Saa tano na nusu uliinua bati la zamani lililokuwa limeegemezwa kwenye banda letu, nikaliona kwa macho yangu linapita uani kwa ubavu, likajikita kwenye mlango wa jiko. Dakika moja kabla nilikuwa nimesimama pale napepeta mchele. Shemeji yako alilichomoa amekita mguu mlangoni. Kovu liko mlangoni, ukija utaliona. Siku hiyo halikuanguka tone la mvua, simu ilikuwa sahihi kabisa, na kama tungekuwa na watu juu ya paa tungezika mtu.

Sikuongea tena mpaka Alhamisi, na wewe unajua hilo si jambo dogo kwangu.

Alhamisi fundi alikuja saa kumi na mbili kasoro. Baba tulimbeba na godoro lake mpaka sebuleni, amefunikwa mpaka kidevuni, akawa anaangalia watu wanavyopita kama mkaguzi. Kazi ilikwenda vizuri mno. Saa tano na nusu upande wa chumba chake ulikuwa umepigiliwa msumari wa mwisho. Fundi mwenyewe alikubali kwamba mbao za upande ule zilikuwa hazijaoza, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuona zote kwa mpigo. Tukamrudisha Baba. Mkeo aliingia na kitambaa akapangusa vumbi lote kitandani kabla hatujamlaza, na pembe za dirisha pia.

Saa sita jua lilikuwa kali, fundi akaezua upande wa sebule. Saa saba anga nyeupe. Mama akaanza kutabasamu. Saa saba na nusu likaja wingu moja kutoka nyuma ya majengo, na saa nane kasoro mvua ikashuka yote mara moja.

Sitakuficha nilichofanya, mdogo wangu, kwa sababu nimeamua barua hii iwe ya kweli. Nilikuwa nimeshika ncha ya turubai, maji yananiingia machoni, sebule iko wazi, makochi ya Mama yanalowa, na nikamgeukia mkeo nikapiga kelele mbele ya fundi na jirani wote, "Si ulisema thelathini tu!"

Alikuwa juu ya meza anafunga kamba. Hakunijibu kwa hasira, wala hakugeuka. Alisema, "Thelathini si sifuri, wifi. Vuta upande wako."

Nikavuta. Turubai lilikuwa tayari limeshafungwa upande mmoja, tukalifunika pengo kwa muda ambao ungetosha kunywa kikombe cha maji. Sebule ililowa, makochi yakalowa, zulia la Mama likawa dimbwi. Nikakimbia chumbani kwa Baba. Alikuwa mkavu. Blanketi kavu, mto mkavu, sakafu kavu. Amelala chali anasikiliza mvua inavyopiga bati jipya, na aliponiona nimelowa chapachapa akaniambia nifunge mlango, nampelekea baridi.

Mvua ilikatika baada ya dakika ishirini na tano. Mkeo alikwenda uani kwenye kopo tupu la maziwa ya unga lenye pande zilizonyooka, ndilo analopimia mvua, akatia rula. Milimita kumi na moja. Hazikuwa ndoo sita, zilikuwa sita na zaidi. Nilisimama nikaangalia zile ndoo tupu zimepangwa ukutani, nikafikiria Jumamosi ile na ubao wa fundi, na kwamba kama tungeezua lote kwa pamoja kama ilivyozoeleka, yote yale yangekuwa juu ya kifua cha Baba. Nikakaa palepale kwenye matope. Yeye akadhani nimeteleza, akaja kuniinua.

Na sikiliza kichekesho. Shemeji yako alirudi kutoka kazini saa kumi, mkavu, viatu vina vumbi, akashangaa kwa nini tunakausha makochi. Huko kwake, mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu, halikuanguka tone. Nikamwambia hiyo ndiyo baadhi ya maeneo, bwana, na sisi ndio tuliokuwa baadhi. Mama alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Fundi alimaliza paa lote saa kumi na moja. Kabla hajaondoka alimwomba mkeo amwandikie kwenye ule ubao jina la ile sehemu ya simu inayoonyesha upepo. Hakuomba radhi kwa mdomo, lakini sisi tulielewa.

Wiki iliyofuata mvua kubwa zikaja kama zilivyoahidiwa. Angalizo likageuka tahadhari, na sasa hata Mama anajua tofauti: la kwanza ni la kukaa macho, la pili ni la kufanya kitu. Tulifanya. Siku ya tatu kopo lilisoma milimita sitini na nne na mtaa wa chini ukawa mto. Chumbani kwa Baba hapakuingia hata unyevu. Daktari alikuja Jumanne iliyopita, akamsikiliza mbele, akamsikiliza nyuma, akamwambia avute pumzi tena na tena mpaka Baba akachoka naye. Alisema kifua ni safi. Mama alitoka nje kulia, mimi nililia palepale. Sasa Baba anakaa kwenye kiti saa mbili kwa siku, na maneno matatu yamekuwa kumi, mengi yakiwa ya kulalamikia chakula.

Sasa narudi kwenye lile la kumchukua. Barua yako ilipofika nilimsomea Baba. Nilitamani akatae. Nilitamani aseme haondoki mtu hapa. Alifikiri, akasema mke na mume wakae pamoja, aende. Kisha akasema, "Lakini kwanza amfundishe mmoja wenu." Mama akamtazama shemeji yako, shemeji yako akatazama dari ambayo hatuna. Baba alininyooshea fimbo mimi.

Basi mimi ndiye Bi Mawingu wa pili. Wiki mbili sasa, saa tatu asubuhi niko uani na rula, jirani wananicheka kama nilivyomcheka mwenzangu, na nastahili. Amenifundisha kwamba joto la chini kabisa ni la alfajiri na si la usiku wa manane. Amenifundisha kwamba wakisema unyevu wa hewa ni asilimia tisini hawajasema mvua asilimia tisini, maana yake nguo zitakaa kwenye kamba mpaka zinuke. Ana subira ambayo mimi sijajaliwa. Nikikosea anarudia, na wala hatumii ile sauti ya "si nilikwambia". Umeoa, mdogo wangu. Wengine wamefanya harusi tu.

Juzi walisema mvua asilimia ishirini. Nikajifanya mjuzi, nikamwambia Mama leo tutoe godoro la Baba lipate jua. Tukalitoa. Saa tisa ikanyesha, tukalikimbiza ndani, nusu yake imelowa, na Baba akalala kwenye godoro la wageni. Nilikaa jikoni nimevimba kwa hasira. Nilikuwa nimeandika kwa wino upande wa kushoto, ishirini, na sasa upande wa kulia natakiwa niandike nilivyofedheheka. Nikaona afadhali nichane ule ukurasa, nianze upya kesho na ukurasa safi. Mkeo alikuwa anapanga nguo zake kwenye sanduku. Aliona mkono wangu, akaja akaufunika kwa wake.

"Usichane, wifi," alisema. "Siku tulizokosea tukaziandika ndizo zilizomweka Baba pakavu."

Nikaandika: mvua, milimita nne, godoro.

Anakuja kwako tarehe mbili, Mungu akipenda. Mpokee mapema, usimwache amesimama kituoni na mizigo. Daftari la zamani linabaki hapa nami, ameanza jipya kwa ajili ya huko kwenu. Akisimama dirishani asubuhi, wewe osha vyombo.

Mama anakusalimu na anasema uvae soksi. Shemeji yako anakusalimu. Wanangu wote watatu wanakusalimu, yule mdogo anauliza ghala lina panya wangapi. Fundi alipita jana kuangalia kazi yake, naye anakusalimu ingawa hamjawahi kuonana. Baba amesema nikwambie anapumua.

Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe afya na kazi isiyokuvunja mgongo, na awape wewe na mwenzako nyumba isiyovuja.

Ni mimi akupendaye, hata anapokupigia kelele,

Dada yako